Wati Mia Sita za Kuandikwa

Mhariri wa video za harusi, bingwa wa mambo yote, aliipachika kompyuta yake kadi mpya ya kuchakata picha, nzito kama tofali na yenye kula umeme kwa pupa. Pawa saplai ya kuilisha umeme akaiacha ileile ya bei chee, nyepesi kama mkebe mtupu.

"Baba watoto, itabeba kweli?" mkewe akauliza.

"Imeandikwa wati mia sita!"

"Na mimi nikijiandika malkia, utanipigia magoti?"

Bwana mkubwa akawasha. Pawa saplai ikalipuka kwa kishindo hata paka akahama mtaa, na diski yenye video ya harusi ya dada yake ikaungua papo hapo.

Jioni dada akaja na mashoga zake kuitazama. Ikabidi kaka mtu asimame mbele yao, awasimulie harusi nzima kwa mdomo, na nyimbo aziimbe mwenyewe.