Friji la Mafuta ya Taa

Wiki iliyopita nilikuwa Karatu kwa mpwa wangu, na friji lake lilikuwa limeacha kugandisha. Fundi alikuja asubuhi, akalivuta kutoka ukutani, akainama kutazama miguu yake. "Mama, hili limesimama sawasawa kweli?" akaniuliza. Swali hilo nililisikia mara ya mwisho nikiwa na miaka tisa, na aliyeliuliza alikuwa mzee aliyepiga magoti kwenye sakafu ya zahanati ya mama yangu.

Tulikaa kijijini, upande wa Daa, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Mama alikuwa nesi, peke yake, na vyumba vyetu viwili vilishikana na zahanati, kwa hiyo nimekua nikinusa spiriti na mafuta ya taa vikichanganyika na maharage ya bibi. Umeme haukuwepo. Friji la chanjo liliendeshwa kwa mafuta: chini tangi na utambi, moto unawaka, na ndani kunakuwa na baridi. Moto unazaaje baridi, hakuna aliyewahi kunieleza nikaelewa. Bibi alisema chochote kitakachotoka humo yeye hanywi. Kazi yangu kila asubuhi kabla ya shule ilikuwa kuchungulia ule moto. Ukiwa wa bluu, naenda zangu. Ukiwa wa njano, namwita mama.

Mwaka huo surua iliingia kijiji cha jirani, na tulisikia wamezika watoto wawili. Kliniki yetu ilikuwa Alhamisi. Jumanne mama alifungua friji, akatoa kipimajoto, akakitazama, akakipeleka dirishani akakitazama tena.

"Asubuhi moto ulikuwa wa rangi gani?"

"Wa bluu, mama."

"Una hakika?"

Nikasema nina hakika, nikaanza kulia, kwa sababu ghafla sikuwa na hakika. Alinifuta machozi kwa pembe ya kanga yake, akasema basi tatizo liko kwingine.

Akaanza kulitafuta. Alikata utambi upya, ukawa sawa kama ukucha uliokatwa. Alisugua bomba la moshi kwa kitambaa alichokifunga kwenye fimbo, masizi yakamwagika mpaka nyusi zake zikawa nyeusi. Alikagua mpira wa mlango kwa kubana karatasi na kuivuta. Alibadili mafuta. Jumatano jioni friji lilikuwa na joto kama kabati la vikombe.

Alhamisi akina mama walifika mapema, ukungu haujapanda, watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Walikaa kwenye nyasi. Mama alitoka akiwa amevaa gauni lake jeupe, akasimama mbele yao bila kitu mkononi.

"Dawa imepata joto," alisema. "Nikiwachoma watoto leo, mtarudi nyumbani mkidhani wamekingwa, kumbe hawajakingwa. Siwezi kumchoma mtoto kitu ambacho mimi mwenyewe sikiamini."

Mwanamke mmoja kutoka vilimani, aliyefunika mtoto wake kwa blanketi jekundu, alisimama taratibu, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaanza kuondoka. Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye mahindi.

Mzee jirani yetu alikuwepo, amemsindikiza mkwewe. Zamani alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa kule Oldeani. Aliomba kuliona friji. Alipiga magoti, akauliza kama limesimama sawa, akaweka sahani ya maji juu yake tukaona maji yakikimbilia upande mmoja. Sakafu ilikuwa imezama. Halafu akagusa mabomba ya nyuma, akatikisa kichwa.

"Limekaa upande muda mrefu, nesi. La tajiri yangu liligoma hivi hivi. Tulilipindua kichwa chini likalala siku nzima, likazinduka."

"Mzee, hii ni mali ya serikali."

"Kwa sasa ni kabati tu, mwanangu."

Mama alilitazama friji, mkono shavuni. Kisha akaniambia nikalete magunia.

Walitoa tangi na kumwaga mafuta, na wanaume wanne wakalipindua friji juu ya magunia polepole. Tulisikia kitu kikigugumia ndani yake, kama tumbo la ng'ombe. Bibi alikuja mlangoni, akasema hata yeye angepinduliwa namna ile angezinduka. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Ijumaa wakalisimamisha, safari hii juu ya vipande vya mbao, maji ya kwenye sahani yametulia. Jumamosi mama akaliwasha. Jumapili baada ya kanisa alifungua, akatoa kikombe cha bati, akakigeuza juu ya kiganja changu. Barafu. Niliishika mpaka vidole vikauma, sikutaka kuiachia.

Mama alituma ujumbe Mbulu, na wiki iliyofuata gari la chanjo likaja. Wote walirudi, isipokuwa yule wa vilimani. Kliniki ilipokwisha mama alijaza barafu kwenye chupa ya chai, akaweka dawa, akanishika mkono. Tulipanda vilima kwa muda wa karibu saa mbili. Njiani kila tulipokutana na mtu aliuliza habari za nyumba ile kwa sauti ndogo.

Mtoto alikuwa uani, anamfukuza kuku. Mama aliketi juu ya jiwe kabla hata ya kusalimia. Alimchoma sindano, mtoto akalia sana, na mwanamke akatuletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasema, "Sikujua kama utakuja huku." Mama akasema, "Hata mimi sikujua kama nitawakuta."

Zahanati ile imebomolewa, imejengwa nyingine nzuri yenye umeme, na hakuna mtoto anayeamshwa kuchungulia moto. Ni vizuri hivyo. Mzee ametutoka, bibi ametutoka, na mama naye miaka mingi sasa. Siku ile tukishuka mlima alivua viatu, akatembea peku kwenye nyasi huku akiimba chinichini. Nilidhani viatu vinambana. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza, na sikumuuliza.