Ukurasa wa 258

Mama mmoja karani alikuja ofisini kwetu katikati ya jiji, akakaa, akapakata mkoba wake, akauliza kama ng'ombe wake wamepatikana. Kwa miaka mingi alikuwa ameingiza kila ng'ombe wa chama cha wafugaji wa Mutuini kwenye kompyuta moja: mama yake, baba yake, hata tabia zake. Vitabu vya karatasi vililiwa na mchwa. Kisha kompyuta yenyewe ikafa, na mashine za aina hiyo hazitengenezwi tena. Tulichookoa ni nakala ya diski yake. Isipofunguka, kazi yake yote imeenda na maji, naye anastaafu mwisho wa mwezi.

Mimi na mkubwa wangu wa kazi tulikuwa tunaunda kompyuta ya kuigiza, yaani programu inayoudanganya mfumo wa zamani uamini bado uko kwenye mashine yake. Mkubwa aliandika diski ya kuigiza. Mimi niliandika njia ya kupitisha maombi ya mfumo hadi kwenye hiyo diski. Shida ilikuwa mpangilio wa baiti, yaani vipande ambavyo kompyuta huunganisha kuunda nambari. Mashine ile ya zamani huanza nambari na baiti yenye thamani kubwa. Zetu za sasa huanza na ndogo. Mfumo ukiomba ukurasa wa 258, baiti zake mbili zikasomwa kinyume, diski inaleta wa 513. Dawa yake ni kuzigeuza mara moja, mahali pamoja tu.

Niliona mkubwa hajazigeuza. Lakini mtu aliyenifundisha kazi nitaanzaje kumwambia amesahau? Ofisini kwetu mkubwa hakosolewi, anarekebishiwa kimyakimya. Nikazigeuza upande wangu, nikanyamaza. Tukajaribu: 513. Nikadhani nimekosea mimi, nikaondoa nilichoweka. 513 tena. Nikarudisha, mambo yakawa yale yale. Siku tatu nzima nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na chai.

Siku ya nne, mama akiwa amerudi na kutukazia macho, uvumilivu ukaniishia.

"Mkubwa, samahani. Hizo baiti nimekuwa nikigeuza huku kwangu. Niliona umesahau, nikaogopa kukuambia."

Alivua miwani, akaifuta polepole.

"Hata mimi nimekuwa nageuza," akasema. "Nilidhani ni wewe umesahau, na sikutaka uaibike. Nikiona imekataa, natoa."

Kumbe tulikuwa tunageuza pamoja, na kugeuza mara mbili ni sawa na kutogeuza, kisha tunaacha pamoja, kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake upande ule ule. Nilitaka kucheka na kulia. Mkubwa akafuta yake, akaniambia niache yangu, akaweka mikono mfukoni ili asishawishike.

Tukaomba ukurasa wa 258. Akatokea ng'ombe mmoja, na chini yake maneno: hupiga teke, mkaribie upande wa kulia.

Niligeuza kioo cha kompyuta kumwelekea mama.

"Hiyo niliandika mwenyewe," mama akasema. "Siku hiyo alikuwa amenimwagia ndoo nzima ya maziwa."

Akajipangusa macho kwa kitambaa, akavuta kiti hadi karibu na kioo, akaomba tumwonyeshe anayefuata.