Githeri Haikuwa na Hatia

Githeri, mahindi na maharagwe yangu matamu, naomba msamaha mbele ya watu wote.

Daktari alisema niandike kila ninachokula, tujue kinachonivuruga tumbo. Wiki tatu nikaandika, githeri nikaiacha kabisa nikidhani ndiyo mkosaji, na bado tumbo likawa linanguruma kama lori likipanda mlima kutoka Mai Mahiu.

Wiki jana mke wangu akalisoma daftari.

“Baba Njeri, mbona chai haimo?”

“Chai si chakula.”

“Vikombe sita vya chai ya maziwa matupu kila siku, si chakula?”



Tangu hapo nanywa chai ya strungi, bila tone la maziwa. Na leo mchana nimemaliza sahani mbili za githeri. Tumbo? Kimya!

Sasa nisaidieni: yule ng’ombe wangu wa maziwa ninayemsifu Kabazi nzima, nani atamwambia?