Fundi Aliyesikia Sauti Sebuleni

Fundi cherehani alikuwa akishonea barazani, huku binti yake wa miaka saba akishinda sebuleni mbele ya televisheni. "Yule ndiye yaya wangu, hachoki wala halalamiki," aliwatania majirani, akiionyesha televisheni.

Alasiri moja uzi ulikatika. Cherehani ilipotulia, akasikia kutoka ndani miguno ya watu wazima, mambo yasiyofaa masikio ya mtoto. Aliingia mbio, pini zingali mdomoni, akachomoa waya wa televisheni ukutani. Mtoto alikuwa amejikunyata nyuma ya kochi, amejifunika uso kwa mto.

"Wameondoka, mama?"

"Wameondoka, mwanangu. Mbona hukuniita?"

"Nilikuita jana. Ukasema nitulie, una kazi."

Ni kweli alisema hivyo. Akaketi palepale sakafuni na kumpakata. Hakujua ni mangapi yameshaingia katika kichwa kile kidogo, na aliogopa kuuliza.

Jioni ileile aliiburuta cherehani hadi sebuleni, ingawa mwanga wa humo ni hafifu. Hushonea humo mpaka leo, na mtoto akinyamaza kidogo tu, humwita.