Marahaba ya Mama Queen

Dorotea Machibya, ambaye hapa mtaani Kiseke tunamwita Mama Queen, ameuza dagaa kwenye soko la Mwaloni kwa miaka thelathini na moja. Tangu masika goti lake la kushoto lilikuwa limevimba, na binti yake, Queen, alitaka kizimba chake cha sokoni apewe mtu mwingine.

"Nipelekeni kwanza kwenye chemchemi," Mama Queen alituambia, Queen na mimi jirani yake. "Nikishindwa kwenda na kurudi kwa miguu yangu, kizimba mpe umtakaye."

Chemchemi iko nyuma ya mlima, katikati ya nyasi kavu na mawe makubwa, mwendo wa nusu saa. Bibi yake alikuwa akiwapeleka wagonjwa pale. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa asitoe neno tangu mlangoni kwake hadi maji yaguse panapouma. Akisema, anarudi mlangoni kuanza upya.

"Mama anyamaze nusu saa!" Queen aliniambia. "Hapo goti lenyewe litashangaa."

Jumamosi asubuhi tukaondoka watatu. Karibu na kilele kuna Obedi, anayeponda kokoto. Alipotuona aliweka nyundo chini.

"Shikamoo, Mama Queen."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Akajishika mdomo. Tukarudi.

Mara ya pili alipita ameinamisha kichwa. Obedi akadhani hajamsikia.

"Shikamoo, mama!" Kimya. "Mama Queen, nimekukosea nini?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. Mama Queen alipiga hatua nne, tano, kisha akageuka. "Hujanikosea kitu, baba. Marahaba."

"Mama!" Queen alilalamika.

"Sasa nimwache hivyo hivyo?" Na alikuwa ameshaanza kuteremka.

Mara ya tatu Queen alitangulia kumweleza. Tulipopita, Obedi alisimama, kofia kifuani, midomo ameikaza asicheke. Mama Queen akampungia mkono.

Chemchemi imepungua. Nilipokuwa msichana tulijaza ndoo hapo bila kusubiri. Sasa maji hayazidi karai moja, na nyumba mpya zimesogea. Nilisimama nikiwaza ni nani atakayeijua njia hii baada yetu. Mama Queen alikuwa na kazi yake. Alikaa juu ya jiwe, akapandisha khanga, akachota kwa kiganja na kulimwagia goti, taratibu, mara nyingi. Kisha akaugeukia mlima, akaita kwa sauti yake yote ya Mwaloni:

"Obedi! Marahaba!"

Nyundo ilinyamaza kule juu, kisha tukasikia kicheko.

Queen alikuwa amekaa kwenye nyasi, anahema. "Mama, huu mlima umeupanda mara tatu leo. Mimi nimechoka."

"Wewe hukunyamaza."

"Haya, umeshinda. Jumatatu nitakufungulia kizimba."

"Utanifungulia na nini?" Mama Queen alifungua fundo la khanga, akatoa funguo za kizimba. Alikuwa amekuja nazo. Akasimama bila kushika mkono wa mtu, akatangulia njiani.