Namba Alizogawa Baba

Baba alipoanza kusahau, hakuanzia na mpira. Alisahau jiko liko upande gani katika nyumba yetu hii ya Mji wa Kale, akasahau kwamba mama amefariki, lakini ukimuuliza mpira ulifikaje kisiwani, atakueleza hadi chai ipoe. Ulikuja na mabaharia na watu wa reli, akisema. Wazee wake walisimama kando wakawatazama Wazungu wakikimbizana na gozi lililofungwa kamba mfano wa kiatu, wakacheka weee, kisha wakaingia wenyewe miguu mitupu. Majina nayo wakayachukua, wakayalainisha yakakaa kinywani: fulbeki, sentahafu, insaidi raiti, auti lefti.

Enzi zake, pale uwanja wa Tononoka, watu watano walisimama mbele kushambulia, na nyuma mabeki wawili tu. Namba haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mahali. Mbili na tatu mabeki, tano sentahafu, tisa mshambuliaji wa katikati. Siku hizi kijana avaa tisini na tisa mgongoni, ati ni yake. Loh, Baba akiudhika! "Sasa huyo yuwasimama wapi?" akiiuliza televisheni.

Maradhi yalipozidi, akaanza kuwagawia wageni namba. Kaka yangu mkubwa akitoka kazini Shimanzi, hata hajavua viatu: "Karibu, sentahafu!" Mdogo wangu alikuwa namba saba. Jirani yetu Mhindi mwenye duka la vitambaa, fulbeki. Yule rafiki yake Mkristo wa kutoka bara, aliyefanya naye kazi bandarini, alipewa namba tisa akacheka mpaka akafuta machozi. Kila mtu akiondoka ana furaha yake. "Mzee kichwa bado kizima," wakiambiana mlangoni.

Mimi hakunipa kitu.

Na nani aliyekuwa akimkorogea uji? Nani akimkata kucha, akimfulia mashuka? Hao masentahafu waja Ijumaa na maembe yao, wakae kidogo, wasifiwe, waende zao. Donge likanikaa. Lakini chini ya hasira hizo kulikuwa na hofu moja, nayo nilikuwa naamka nayo kila asubuhi: kwamba siku moja Baba atanitazama asinijue. Nikadhani labda siku hiyo imeshapita nami sina habari. Maana kwa Baba, mtu asiye na namba hayuko uwanjani.

Alasiri moja, wageni walipotoka, nikashindwa kujizuia. Nikabwaga sinia.

"Baba, na mimi je? Hata mwokota mipira si ana mahali pake?"

Akanitazama kama niliyemtukana. Akaangalia mlangoni, akanipungia mkono nisogee.

"Wale siwajui," akaninong'oneza. "Wallahi, mwanangu, siwajui hata mmoja. Mtu aja nyumbani kwako, akusalimu, akushika mkono, nawe humjui! Utamwambia nini? Si aibu hiyo? Basi nampa namba, naye afurahi." Akaangalia tena mlangoni. "Wewe nikupe namba ya nini? Wewe n'nakujua. Usiwaambie lakini."

Nililia pale pale sakafuni. Nilifurahi, na nikaona haya kwa kufurahi, maana ndugu zangu ndio waliokuwa wamesahauliwa na hawakujua. Sikuwaambia. Waliendelea kuja, wakipokea namba zao, wakitabasamu, na mimi roho ikiniuma kwa ajili yao. Hata uvivu wao niliwasamehe. Nikiwaandalia chai nzuri, nikiwahimiza wakae zaidi.

Tukaenda hivyo mpaka masika. Asubuhi moja niliingia chumbani na uji wake.

"Shikamoo, Baba."

Akajiinua kitandani kwa taabu, akavuta kanzu ikae vizuri, akajipangusa mdomo. Akanipokea mkono kwa mikono yake yote miwili, na uso wake ukachangamka kwa ukarimu, ule wa siku za Ijumaa.

"Marahaba, marahaba," akasema. "Karibu ndani, namba kumi."

Nikamshukuru. Nikavuta kiti, nikaanza kumpozea uji.