Shule ya Kuchora, Kutoka Pasiansi Hadi Mkolani

Shule yetu ya sanaa tuliianzisha wawili, mimi na mwalimu mwenzangu, mama wa Kihaya. Somo la uchoraji lilipoondolewa kwenye ratiba pale sekondari tulipokuwa tukifundisha, tuliacha kazi, tukapanga ghala la zamani la dagaa kule Pasiansi, karibu na ziwa. Tulisugua sakafu kwa sabuni na majivu, harufu ikagoma kutoka. Watoto walirudi kwao wakinuka dagaa, na wazazi wakatushangaa.

Baba mmoja, mvuvi kutoka Mara, alikuja kumwachisha binti yake masomo. Alikuta ukutani sura ya marehemu mkewe, ambayo binti alikuwa ameichora kwa mkaa, kwa kukumbuka tu. Aliisogelea, akaitazama kwa karibu.

"Sikio ndilo lenyewe," alisema. Akaondoka peke yake, binti akabaki.

Kisha ziwa likajaa. Halikuja kwa kishindo. Kila asubuhi tulikuta maji yamesogea, hadi siku tulipofungua mlango tukaona michoro inaelea. Tulianika tuliyoweza kuokoa, tukahamia Mkolani, kwenye nyumba iliyo juu ya kilima. Kwa wanafunzi wengi kulikuwa mbali mno. Yule binti alijitahidi kwa muda, kisha naye akaacha. Nasikia anasuka nywele Mabatini. Sijawahi kwenda kumtazama.

Jioni moja, tukifagia darasa, mwenzangu alisema, "Mimi narudi Bukoba."

"Umechoka?"

"Magoti yamekataa kilima hiki. Na wewe funga shule, upumzike."

"Hawa waliobaki niwaambie nini?"

Alimaliza kufagia upande wake, akaegemeza ufagio ukutani.

Sikufunga. Nisingependa mtu auite huo ujasiri. Kila nilipopanga kufunga, kulikuwa na mtoto ambaye picha yake haijakauka. Sasa nafundisha peke yangu, nimekaa kwenye kiti, na sauti inakatika kabla ya adhuhuri.

Jumamosi iliyopita mama mmoja alimleta bintiye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Cheti chenu kinatambuliwa wapi?"

"Hakitambuliwi popote," nilimwambia. Sikuwa na nguvu ya kumpambia maneno.

Alimgeukia mtoto.

"Vua kandambili," akamwambia, "uingie."